Doa la Boti Si Doa la Sufuria

Mwaka jana tuliamua kuiuza boti yetu ndogo ya faiba. Tunaishi Norwich, mashariki ya Uingereza, na boti hiyo ilikaa miaka sita kwenye maji ya Norfolk Broads. Fedha zake tulikwisha zipangia kazi: nauli ya watu wanne kwenda Pangani kumwona mama yangu, ambaye hajawahi kumpakata mjukuu wake wa mwisho.

Mnunuzi alisema atakuja Jumapili. Jumamosi asubuhi tukaipandisha boti kwenye trela, nami nikaona aibu. Kwenye mstari wa maji palikuwa na mkanda wa rangi ya chai, na chini ya kila skrubu kutu ilikuwa imechuruzika.

Nikafanya nilichokiona utotoni. Marehemu babu alikuwa na mashua ya mbao. Ikipandishwa pwani, tuliikwangua kwa nguvu, kisha ubavuni akaipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika. Basi nikachukua jiki na waya wa kusugulia masufuria, nikaanza upande wa kushoto.

Jiki haikuifanya kutu chochote. Waya uliondoa doa, lakini uliondoka pia na mng'ao. Mzee mmoja Mwingereza, jirani yetu pale yadi, alinisimamisha kabla sijaugusa upande wa kulia. Alichonifundisha siku ile ndicho ninachowaletea.

Ngozi yenyewe ni nyembamba

Boti ya faiba si mbao. Juu yake kuna tabaka gumu linaloitwa jelikoti, na unene wake ni kama nusu milimita tu. Ukilikwaruza, mikwaruzo hushika uchafu upesi kuliko mwanzo. Waya nao huacha vipande vidogo vya chuma, navyo hugeuka madoa mapya ya kutu.

Doa la rangi ya chai hutokana na majani na mboji iliyooza majini. Broads zenyewe ni machimbo ya mboji ya zama za kati yaliyojaa maji, kwa hiyo doa hilo huku ni la kawaida. Limeingia kwenye vitundu vidogo vya jelikoti. Kulisugua hakusaidii, linataka kuyeyushwa.

Anza na kilicho laini

Kwanza, osha kwa maji ya bomba, sabuni ya maji na sponji laini. Uchafu mwingi huishia hapo.

Pili, kwa kutu kidogo, jaribu siki au maji ya ndimu kwa kitambaa.

Tatu, doa likigoma, tumia dawa ya kusafishia boti yenye asidi ya oksaliki. Asidi hii hushikana na kutu na kuifanya iondoke na maji. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Paka kwa brashi laini, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha suuza kwa maji mengi kabla haijakauka. Fanya kazi kivulini. Walio Muscat au Dubai waifanye alfajiri, maana jua la huko halimsubiri mtu.

Mwisho, paka nta. Asidi huondoa nta ya zamani, na bila nta doa hurudi haraka.

Ya kuepuka

Vaa glavu na miwani, maana asidi hii ni sumu na huunguza macho. Watoto wakae mbali. Usiichanganye kamwe na jiki: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoweza kuua. Mimi nilisuuza upande wa kushoto mara tatu kabla mzee hajaniruhusu kufungua chupa. Isimwagikie aluminiamu wala chuma cha trela kilichopakwa zinki, na maji ya kuoshea yasitiririkie mtoni. Rangi ya chini inayozuia viumbe vya majini usiipige msasa mkavu. Vumbi lake lina sumu.

Jumapili

Upande wa kulia ulitoka mweupe, unang'aa. Mnunuzi alianzia huko, akatabasamu. Kisha akazunguka kushoto, akapitisha kiganja ubavuni, akanyamaza. Nikamweleza ukweli wote. Akaichukua boti, lakini akapunguza bei, na kilichopungua kilikaribia nauli ya mtu mmoja.

Mke wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Baba watoto, tutasubiri." Tulisubiri miezi mitatu hadi nauli ya nne ikatimia.

Doa lingeweza kusubiri wiki nyingine, na mnunuzi angelielewa. Mng'ao niliouondoa kwa nusu saa haukuweza kurudi kabla ya Jumapili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisimama mbele ya boti yenye madoa, uwe nayo Norfolk au Mombasa, waya uache jikoni. Chukua sponji kwanza.