Wazee Wetu Katika Joto la Kabla ya Noeli

Kadi nyingi za Noeli zina picha ya theluji, maana desturi yake ilitoka Ulaya ambako Desemba ni mwezi wa baridi. Kwetu Singida sikukuu hii huja na joto. Majuma ya Majilio ni majuma ya jua kali na vumbi, maji ya visima yamepungua, na kila mkulima anatazama mawingu akingoja mvua ya kupandia. Mwezi huu tuzungumze juu ya wazee wetu katika kipindi hicho. Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu na mkewe waliojenga pale Mkiwa, karibu na njia panda ya kwenda Itigi. Simlengi mtu yeyote. Mume na mke wa namna hiyo nimewapokea wengi wodini.

Siku yao huanza saa 11 alfajiri. Baba anachukua jembe na kwenda kusafisha shamba, kwa sababu mvua ikianguka hakuna muda wa kung'oa visiki. Mama anafagia uwanja, anafuata maji, anawapa kuku pumba, kisha anamfuata mwenzake shambani. Wanarudi saa 6 mchana, wanakula ugali wa mtama na mlenda, wanapumzika kidogo. Jioni kuna kazi za sikukuu. Watoto na wajukuu watakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo ukuta ukandikwe, bati linalovuja lipigiliwe misumari, alizeti iliyobaki ipelekwe kukamuliwa, na yule jogoo mkubwa asiibiwe.

Mimi sisemi wazee waache kazi. Mzee anayetembea na kulima hubaki na nguvu kuliko anayekalishwa kwenye kiti siku nzima kwa heshima. Lakini kupanda juu ya bati ukiwa na miaka 70 ni kutafuta mfupa wa nyonga uvunjike. Kazi hiyo imngoje kijana. Na ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Bora mama achote nusu, aende mara mbili.

Linalonisumbua zaidi ni maji ya kunywa. Kadiri mtu anavyozeeka, mwili wake hubakiwa na maji kidogo, na figo hazina tena uwezo wa zamani wa kuyatunza. Kibaya zaidi, kiu yenyewe hupungua. Kijana akipungukiwa maji koo humkauka, akatafuta kikombe. Mzee anaweza kupungukiwa kiasi hicho hicho na asisikie kitu. Ukimwuliza atakujibu, "Sina kiu," naye anasema kweli. Ndiyo maana mzee hawezi kungoja kiu imkumbushe.

Kuna sababu nyingine ambayo wazee huona haya kuitaja. Choo kiko nje, mbali na nyumba, na usiku kuna giza na nyoka. Basi tangu saa 10 jioni hawanywi kitu ili wasiamke. Wengine wanatumia vidonge vya presha vya kukojoza, ambavyo hutoa maji mwilini, wakavimeza jioni, wakahangaika usiku kucha. Kesho yake wanaamua kunywa maji kidogo zaidi. Vidonge hivyo kwa kawaida humezwa asubuhi. Kama vyenu mliambiwa jioni, mwulizeni mganga kabla ya kubadili.

Mtu aliyekaukiwa hivyo akiinuka kitandani ghafla, presha hushuka, anaona kizunguzungu, anaanguka. Mwingine hufunga choo kwa siku nyingi. Mwingine huanza kusema maneno yasiyoeleweka, na watu wa nyumbani hudhani ni uzee, au wanatafuta nani kamroga, kumbe ni maji.

Kipimo rahisi ni mkojo. Ukiwa wa njano hafifu, vema. Ukiwa wa njano iliyokolea au wa rangi ya chai, maji hayatoshi. Msitegemee kuvuta ngozi ya mkono kama tunavyofanya kwa watoto, kwa sababu ngozi ya mzee imelegea tayari. Vikombe 6 hadi 8 vya vinywaji kwa siku huwatosha wazee wengi. Uji, chai na mchuzi navyo vinahesabiwa. Wakati wa kulima huhitajika zaidi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyepewa kiasi na daktari afuate kiasi chake. Asubuhi kila mmoja ajaze chupa yake ya maji yaliyochemshwa, aende nayo shambani, na sehemu kubwa anywe kabla ya jioni. Kwa usiku, wekeni kopo lenye mfuniko chumbani. Hakuna aibu hapo.

Sasa neno kwa ninyi watoto mlioko mjini. Wazee wengi hujinyima ili ninyi mkifika mkute neema. Fedha ya vidonge hununua mchele. Presha haiumi, kwa hiyo huonekana ndiyo rahisi kuahirisha: "Nitaanza tena Januari." Lakini presha iliyoachwa bila dawa inaweza kuleta kiharusi kabla ya Januari kufika. Badala ya kungoja mje na kitenge, tumeni fedha ya dawa mwanzoni mwa Desemba. Mkipiga simu msiridhike na "hatujambo". Ulizeni vidonge vimebaki vingapi, na mtajeni kila mmoja kwa jina lake, maana baba akijibu kwa wote wawili, mama husahauliwa. Mstaafu mwenye kadi ya bima aitumie, na asiye nayo aulize ofisi ya kijiji utaratibu wa matibabu ya wazee.

Mkifika, angalieni wazee wanalala wapi. Nimesikia mara nyingi wageni wamepewa kitanda na chandarua, wenye nyumba wako chini kwenye mkeka wakiumwa na mbu, na mvua zikishaanza malaria huongezeka. Leteni chandarua chenu. Siku ya sikukuu nyama ya mzee mwenye presha ipikwe kwa chumvi kidogo, na mwenye kisukari asilazimishwe soda. Chupa moja ina sukari inayopita vijiko 8 vya chai. Anayetumia insulini na hana friji aiweke ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho kiwe ndani ya kingine chenye mchanga unaoloweshwa kila siku, kivulini.

Mzee akichanganyikiwa ghafla, akipinda mdomo, akishindwa kuinua mkono mmoja, au akipata joto kali baada ya kukaa juani, msimpe dawa ya jirani na msingoje Misa iishe. Mwenye joto mpelekeni kivulini, mlowesheni maji, mpepeeni huku gari likitafutwa. Aliyepinda mdomo asipewe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Barabara kubwa inapita hapo hapo Mkiwa. Ondokeni naye saa hiyo hiyo, na vidonge vyake vyote mvitie mfukoni ili sisi tuone anatumia nini.