Mwimbaji Akijizuia

Wapo waimbaji wanaolia ndani ya wimbo, na wapo wanaokuachia wewe msikilizaji ulie. Uchungu unapogoma kutoka, mimi huwatafuta hao wa pili.

Nilianza kuwahitaji baada ya msiba wa mama. Mimi ndiye mkubwa kwetu, kwa hiyo nilishika daftari la rambirambi, nikahesabu viti, nikafuatilia turubai na mkaa wa wapishi. Watu walilia, mimi nikawapokea. Arobaini ikapita, macho makavu, kifua kizito. Kisha jioni moja, nikiosha vyombo, redio ikampiga George Jones, na sikuweza kuendelea.

Wimbo wenyewe ni “He Stopped Loving Her Today” wa mwaka 1980, ulioandikwa na Bobby Braddock na Curly Putman. Unamhusu mwanamume aliyeapa kumpenda mwanamke mmoja hadi kufa. Miaka inakwenda, naye bado ametundika picha yake ukutani na barua zake za zamani ziko kando ya kitanda. Halafu tunaambiwa kwamba leo ameacha kumpenda, na hapo ndipo unapoelewa kuwa amekufa. Jones mwenyewe aliuona una huzuni kupita kiasi, akaamini hakuna atakayeununua. Prodyuza wake, Billy Sherrill, alishikilia. Alitaka mwanamke yule aje mazishini, na Jones sehemu hiyo haimbi. Anaisema tu, kama jirani anayeleta habari mlangoni. Wakati ule pombe ilikuwa imemzidi, na maneno hayo machache yalichukua miezi mingi kurekodiwa vizuri. Wala hamna kwikwi ndani yake. Ametulia kabisa, na utulivu huo ndio unaonimaliza. Alipofariki mwaka 2013, Alan Jackson aliuimba kwenye mazishi yake Nashville.

Dolly Parton naye anajua nguvu ya kusema badala ya kuimba. Wengi wetu tulikutana na “I Will Always Love You” kwa sauti ya Whitney Houston, kupitia filamu ya The Bodyguard ya 1992, tukadhani ni wimbo wa wapenzi walioachana. Dolly aliuandika kwa ajili ya bosi wake. Porter Wagoner alikuwa amemchukua kwenye kipindi chake cha televisheni mwaka 1967, akamfungulia njia, na Dolly alipotaka kwenda kujitegemea hakukubali. Mabishano yaliposhindikana, Dolly alitunga wimbo, akaingia ofisini kwake, akamwimbia. Wagoner akalia, kisha akamruhusu. Katika rekodi ya 1974, ubeti wa mwisho Dolly anausema kwa sauti ya chini, akimtakia kila la heri mtu anayemwacha. Hana lawama hata moja. Mama aliniaga hivyo hivyo wodini, akiniuliza kama nimekula.

Whitney aliuchukua upande mwingine, na pia yuko sahihi. Anaanza bila ala yoyote. Wazo hilo lilikuwa la Kevin Costner, aliyeigiza naye. Kuelekea mwisho kila kitu kinanyamaza, ngoma inapigwa mara moja, na wimbo mzima unapanda juu. Pale amejizuia muda mrefu, na anapoachia unaachia naye.

Mwili una namna yake ya kuitika. Mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha utafiti mwaka 1991 baada ya kuwauliza watu ni mahali gani hasa ndani ya muziki machozi huwatoka. Mara nyingi ni pale sauti inapokaa kidogo kwenye noti isiyopatana na ala, halafu inatua kwenye ile inayopatana nazo. Msikilizaji anabanwa, kisha anafunguliwa. Mimi huusikia mkao huo katika “Someone Like You” wa Adele, wimbo wenye kinanda na sauti yake tu.

Jim Reeves simpendekezi kwa mtu mwenye msiba mbichi kama wangu, ingawa kwa kujizuia hana mpinzani. Aliisogelea maikrofoni, akashusha sauti, akaimba kama anayezungumza na mtu mmoja tu. Alikufa kwenye ajali ya ndege karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964, akiwa na miaka 40, na redio za kwetu ziliendelea kumpiga miaka na miaka. Lakini mama alimpenda, alimfuatisha akichambua mchele, na mimi nikimsikia sisikii wimbo tena, namsikia yeye. Ndiyo maana nawaambia wenzangu waanze na wimbo ambao marehemu wao hakuujua. Uwe mmoja tu, na simu izuiwe isirukie mwingine. Na kama Kiingereza kinakupita, muulize mtu hadithi yake kwanza, maana Jones bila ile habari ya barua na mazishi ni gitaa la polepole tu.