Je, Wajua? Paja Lililovunjika Huficha Damu

Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja ya damu au zaidi yaweza kumwagikia ndani ya misuli bila tone kuonekana nje. Ndiyo maana majeruhi wa bodaboda asiye na jeraha la kutisha huenda akahitaji kuongezewa damu. Kisha balaa hugeuka: mwili, ukihangaika kuziba palipopasuka, huigandisha damu kupita kiasi, hasa mguu usipotikisika. Bonge likichomoka mguuni likafika mapafuni, laweza kuua.

Kinga iliyozoeleka ni sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Lakini utafiti wa Marekani na Kanada wa 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 waliovunjika mifupa, ulionyesha kuwa aspirini, kidonge cha bei chee, haikuzidiwa katika kuzuia vifo, ingawa mabonge ya mguuni yaliongezeka kidogo.