Simu Haichaji na Leo ni Siku ya Soko? Fanya Hivi
Mitambo ya Sondu-Miriu inaweza kuzalisha megawati 60, lakini stima ikipotea Sondu sokoni, simu inazima tu. Halafu mteja wa samaki anauliza, "Nilipe kwa namba gani?"

Tulia. Pesa hazikai ndani ya simu, ziko kwenye akaunti ya laini yako. Toa laini, iweke kwenye kabambe ya mtu unayemwamini na uendelee kupokea malipo. Laini zile ndogo huhitaji adapta, kwa hivyo weka moja kwenye pochi. Ukimaliza, futa meseji zako, maana zinaweza kubaki kwenye simu ya mwenyewe.

Sasa turudi kwa simu. Kama ni Android (ndiyo, ndani yake kuna Linux), betri ikiisha kabisa skrini inaweza kukaa kimya hata ukichomeka chaja. Iache nusu saa kabla hujasema imekufa. Ikikataa, jaribu waya mwingine; mara nyingi shida ni waya. Halafu mulika tundu la chaji. Vumbi la soko na nyuzi za mfukoni hujibana humo mpaka chaja haiingii vizuri. Zima simu, utoe taratibu kwa kijiti cha meno kilichokauka, si sindano. Kama simu ililowa, usichaji kwanza.

Ukiiacha kwenye duka la kuchajisha au kwa fundi, toa laini uende nayo. Fundi hahitaji PIN yako ya pesa kurekebisha chaji. Akiiomba, chukua simu yako.