Ufa katika Magnesiamu: Ukarabati wa Magari ya Kale ya Mashindano

Methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta imezoeleka mno madarasani. Katika ufundi wa metali nyepesi, hata hivyo, ufa hauzibwi kabla ya kupanuliwa. Na fundi asiyejua ni metali gani iliyo mbele yake huenda asipate hasara ya ukuta tu, bali akateketeza karakana nzima.

Suala hili si geni kwa Pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2003 magari ya kale yamekuwa yakishindana katika East African Safari Classic Rally, mashindano yanayoenzi Safari ya awali iliyoanza mwaka 1953. Miongoni mwa magari hayo ni Porsche 911, ambayo haikuwahi kushinda Safari yenyewe ijapokuwa ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978. Björn Waldegård ndiye aliyeipa ushindi wa Classic mwaka 2011. Kati ya 1968 na 1977, kasha la injini la 911 nyingi lilisubiwa kwa aloi ya magnesiamu. Sababu ni wepesi: sentimita moja ya ujazo ya magnesiamu ina gramu 1.74, ya alumini 2.7, ya chuma 7.87. Wepesi huo una gharama yake. Joto linapozidi, kasha hutanuka kuliko boliti za chuma zilizolikaza, hesi hung'oka na nyufa huchipuka kandokando ya matundu. Maji ya chumvi yakiingia baina ya boliti na kasha, magnesiamu ndiyo huliwa kwanza.

Chukulia karakana ya kuchomelea iliyopo Kaloleni, kando ya barabara itokayo Mariakani kwenda Kilifi. Fundi wake amebobea katika milango ya chuma, fremu za pikipiki na mikokoteni. Akiletewa kasha jeupe, jepesi, lenye ufa, jina litakalomjia ulimini ni "alumini". Metali zote mbili hung'aa kwa namna moja na huyeyuka katika joto linalokaribiana, nyuzi 650 na 660, tena bila ya kugeuka rangi kama chuma kifanyavyo. Msamiati wa karakana haujazitenga, na hapa upungufu wa istilahi si jambo la kamusi pekee. Njia nyepesi ya kuzibainisha ni kukwangua mahali padogo na kudondosha siki: magnesiamu hutoa mapovu, alumini hutulia.

Asiyebainisha hujiponza. Unga mwembamba wa magnesiamu unaotoka kwenye tupa au jiwe la kusagia hushika moto kwa cheche moja, na moto huo ukimwagiwa maji hutoa haidrojeni na kuzidi. Huko Le Mans, Ufaransa, mwaka 1955, gari la Mercedes lenye bodi ya aloi ya magnesiamu liliwaka baada ya ajali iliyoua zaidi ya watu 80, na maji yaliuchochea moto badala ya kuuzima. Kinachofaa ni mchanga mkavu. Ule wa ufukweni wenye unyevunyevu haufai kabisa.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Kasha lililonywa oili kwa miaka hamsini lazima lisafishwe na kupashwa moto mpaka oili iliyojificha vinyweleoni itoke. Kila ncha ya ufa hutobolewa kwa keekee ili usiendelee kukimbia, kisha ufa wote huchimbwa mfereji hadi ifikiwe metali safi. Uchomeleaji hufanywa kwa ncha ya tungsteni ndani ya gesi ya agoni, inayoizuia hewa isiifikie metali iliyoyeyuka. Mbinu hii, ambayo Russell Meredith aliibuni Marekani mwaka 1941 akitumia heli, ilikusudiwa hasa kuunganisha magnesiamu za ndege. Ufito wa kujazia nao uwe wa aloi ya magnesiamu. Wa alumini huzaa kiungo kikavu kinachovunjika kama biskuti.

Baada ya hapo kasha hurudishwa katika joto la nyuzi 260 hivi kwa saa moja, mikazo ilegee, kisha hupozwa taratibu. Hupakwa rangi nyekundu ipenyayo, hufutwa, hunyunyiziwa unga mweupe. Mstari mwekundu ukijitokeza, mfereji huchimbwa upya.