Kusukuma si kuvuta: jinsi msafara wa matishari unavyopangwa mtoni Kongo

Ukisimama ukingoni hapa Kisangani, unaona meli fupi ikija, na mbele yake matishari yaliyojaa mizigo na watu. Mtu wa pwani angesema meli hiyo inakokota matishari. La, inayasukuma. Kifaransa kinaiita pousseur, yaani msukumaji. Kilingala nacho kinatenganisha kotindika, kusukuma, na kobenda, kuvuta. Vitenzi hivi viwili vinatusaidia kuelewa mpango wa safari.

Baharini, chombo huvutwa kwa kamba ndefu. Kamba hiyo hulegea na kukaza, ikipunguza mshtuko wa mawimbi. Mtoni mawimbi ni madogo, lakini kuna kona, visiwa na mafungu ya mchanga. Tishari la nyuma ya kamba lingeyumba kwenye kona, na meli ikipunguza mwendo, lingeweza kuigonga. Ndiyo maana matishari hufungwa kwa nyaya za chuma mpaka yawe kama mwili mmoja, na meli huyaongoza kutoka nyuma. Marekani, katika mto Mississippi, meli za namna hii zinasukuma, ilhali jina lake la Kiingereza bado lina maana ya kuvuta. Kazi ilibadilika, neno likabaki.

Kutoka Kinshasa mpaka Kisangani ni kilomita 1,734. Kabla ya kufungua kamba, nahodha hujiuliza maswali manne.

La kwanza: maji yana kina gani pale yanapopungua kuliko pote njiani? Tishari lililozama mita 1.5 halipiti penye maji ya mita 1.4, hata kama safari nzima iliyobaki ina kina cha kutosha. Kwa hiyo mzigo hupimwa kwa mahali hapo, si kwa nafasi iliyobaki juu ya tishari. Na kwa kuwa mchanga huhama, alama za njia peke yake hazitoshi: watu hukaa mbele na miti mirefu, wakipima maji na kumwonyesha nahodha.

La pili: tunapanda au tunashuka? Anayepanda anahitaji nguvu za mashine. Anayeshuka anasukumwa na maji, na kusimama kwake ni kugumu. Kwa hiyo hugeuza pua ielekee juu kabla ya kutia nanga.

La tatu: usiku tutalala wapi? Gizani, gogo linaloelea au mtumbwi usio na taa hauonekani. Mahali pa kufunga huchaguliwa mapema, jua likiwa bado juu.

La nne linatuhusu sisi wa lugha: tutaitana kwa maneno gani? Katika msafara mmoja, nahodha anaweza kusema Kilingala, mfungaji nyaya Kiswahili, na mwenye mzigo Kifaransa. Waya uliokazwa ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuua, na abiria wamekaa karibu nao. Hapo anayesikia "kaza" badala ya "legeza" hana muda wa kuuliza maana.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, wote wakubaliane juu ya amri chache: kaza, legeza, simamisha, ondokeni. Kila amri iwe na neno moja na ishara moja ya mkono, na anayeipokea airudie kwa sauti kabla ya kugusa waya. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, wala haigharimu mafuta.