Nani anakata picha zetu? Filme mbili kutoka Goma

Siye watu wa Kisangani kamera ya mgeni haitushangazi. Mwaka 1951 John Huston alimleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville (leo Ubundu), kupiga The African Queen. Mwaka 1958 wakaja wengine Stanleyville juu ya The Nun's Story. Jambo la kuchekesha: ile safari ya Huston ilizaa kitabu cha Peter Viertel, na kitabu kikazaa filme ya Clint Eastwood mwaka 1990, White Hunter Black Heart, inayoonyesha watu wa sinema wakihangaika Afrika. Filme juu ya wapiga filme! Na hata hiyo haikupigwa kwetu, ilipigwa Zimbabwe. Katika zote tatu mwenye nchi anaonekana, lakini swali la filme si lake.

Sasa, kuna filme nyingine juu ya watu wa kazi hiyo, na hii ni ya karibu: Goma. Inaitwa Stop Filming Us, ni kusema «acheni kutupiga filme». Aliifanya Mholanzi Joris Postema, ikatoka mwaka 2020. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya filme nyingi kwa ajili ya mashirika ya misaada, kisha akaanza kujiuliza kama Mzungu anaweza kweli kuonyesha Goma bila kurudilia picha zilezile za vita na njaa. Akachukua ekipe ya Wakongomani, akafuata wapiga picha na watengenezaji filme wa mji. Kuna Mugabo Baritegera, anayetafuta picha za maisha ya kila siku. Kuna Ley Uwera, anayepigia picha mashirika ya misaada. Kuna Bernadette Vivuya, mwandishi wa habari na mtengenezaji filme. Hakuna shujaa mmoja. Watu wanabishana mbele ya kamera juu ya hiyo kamera yenyewe, na kuna wakati wanamuuliza Postema waziwazi: wewe unafanya nini hapa?

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: muzuri, Mzungu amejiuliza maswali, tumpigie makofi twende nyumbani. Mimi sikupiga sana makofi. Hata toba ya Mzungu inaweza kuwa filme juu ya Mzungu.

Lakini kilichofuata njo kinanifanya niandike. Picha ghafi zilezile walipewa Wakongomani wafanye filme yao. Bernadette Vivuya, aliyekuwa anapigwa filme, akakaa kwenye meza ya montaji pamoja na Kagoma Ya Twahirwa. Mwaka 2022 ikatoka Stop Filming Us But Listen: acheni kutupiga filme, lakini sikilizeni. Waliongeza na picha za zamani za wakati wa koloni, ili mtazamaji aone kwamba jicho linaloangalia Kongo kwa namna fulani halikuzaliwa jana.

Nieleze kwa lugha ya kazi yangu. Mu shamba la majaribio tunabadilisha kitu kimoja tu: udongo uleule, mvua ileile, mbegu tofauti. Ukibadilisha mbegu na mbolea pamoja, hautajua ni nini imeongeza mavuno. Hapa picha ni zilezile, Goma ni ileile, kilichobadilika ni mkono unaokata. Wale wanaosema kamera haina kabila wala rangi watazame hizi mbili kwa kufuatana. Sentensi ileile ya mtu, ukiiweka mwanzoni ni swali, ukiiweka mwishoni ni hukumu. Anayechagua mahali pa kuiweka ndiye anayesema.

Basi, kama mutu wa majaribio, lazima niseme pia kwamba jaribio hili si safi. Picha za koloni ni mbolea iliyoongezwa. Na kuna jambo kubwa zaidi: zile picha ghafi zilivunwa kwa maswali ya Postema. Swali ambalo hakuliuliza halikuingia mu kamera, na montaji haiwezi kulizaa. Vivuya na Ya Twahirwa walilima vizuri, lakini kwenye shamba ambalo mwingine alishachagua mipaka yake.

Ndiyo maana namuweka Dieudo Hamadi pembeni yao, mtoto wa Kisangani. Yeye kamera ilikuwa mkononi tangu swali la kwanza. Examen d'État (2014) ni wanafunzi wa hapa kwetu na hangaiko la diplome. En route pour le milliard (2020) ni wahanga wa vita ya siku sita ya Juni 2000, wanaopanda baleinière kwenda Kinshasa kudai malipo yao. Ilikuwa filme ya kwanza ya Kongo kuchaguliwa rasmi Cannes. Hata hiyo ina pesa ya Ufaransa na Ubelgiji ndani yake, kwa hiyo swali la nani analipa halijaisha. Lakini kulipa ni kitu kimoja, kuuliza ni kingine.

Tuache sinema kidogo. Wangapi kati yetu, tukisha pata lisansi, kazi ya kwanza ni kukusanya data? Tablette mkononi, GPS, picha ya mama mbele ya muhogo wake. Siku kumi na tano, franka inaingia, data inaondoka. Ripoti inaandikwa mbali, na yule mama haijui, hata wewe hauijui. Kule Goma picha zilirudi kwa sababu watu walibishana wazi, mbele ya kamera. Siye, kabla ya kusaini, tunauliza perdiem tu. Nani aliandika maswali, data itabaki wapi, kopi ya ripoti itarudi kijijini kwa lugha gani: hayo hatuulizi, tunaogopa kazi itapewa mwingine. Na kweli, mara nyingine itapewa mwingine.

Tangu Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, picha za vita zimejaa tena, na wale wapiga picha wa mji ndio tungehitaji kuwasikia zaidi. Bandugu, mwenye kujua njia halali ya kupata hizo filme mbili kwa kuzionyesha huku Kabondo aandike hapa chini. Tutaanza na ya 2020, ya pili ifuate usiku uleule. Jenereta tutatafuta.